Neno Lililopoteza Miaka Yake

Lugha ya Kiingereza ina neno dogo la herufi nne ambalo hakuna Mwingereza alitumiaye sokoni wala mahakamani, na hata hivyo kila Mwingereza analijua. Neno hilo ni 'yore'. Siku hizi halisimami peke yake. Hulikuti ila limeshikwa mkono na 'of', na aghalabu limetanguliwa na siku: siku za 'yore'. Ukilitoa humo halina pa kwenda. Limekuwa mfano wa mzee aliyebakishiwa chumba kimoja katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mfasiri mwenye haraka huliandika 'zamani', au 'hapo kale', akapita. Nami nilipita hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja neno hili likanizuia njia. Kisa hicho nitakieleza, lakini kwanza tulitazame neno lenyewe lilikotoka.

Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hili lilikuwa 'geara', na wanaisimu walio wengi wanalirejesha kwenye shina lile lile lililozaa neno la mwaka. Umbo lake ni la umilikishi katika wingi. Maana yake, tukilifasiri neno kwa neno, ni 'ya miaka'. Aliyelitamka alikuwa ameishika miaka mkononi, ijapokuwa hakutaja ni mingapi. Utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee iliandikwa yapata mwaka 1000 na ikanusurika moto wa mwaka 1731, una katika ufunguzi wake neno la ukoo huo huo, 'geardagum': siku za miaka. Na mara tu baada ya neno hilo mtunzi anaanza kutaja wafalme kwa majina na nasaba zao, nani alimzaa nani. Zamani ile ilikuwa na watu ndani yake.

Baadaye miaka ikatoka katika neno, pakabaki sauti. Shakespeare alilifungia soneti yake ya 68. Edgar Allan Poe, katika shairi lake la Kunguru la mwaka 1845, alilihitaji kwa sababu shairi zima limejengwa juu ya kina cha 'nevermore', na maneno yenye mlio huo si mengi. Tusimcheke. Nani miongoni mwetu, tunaotunga kwa vina, hajapata kuliamsha neno kongwe usiku wa manane, si kwa maana yake bali kwa silabi yake ya mwisho? Ila neno linaloitwa kwa sababu ya mlio tu, mwisho wake hujibu kwa mlio tu.

Wafasiri nao wana sehemu yao katika jambo hili. Mwaka 1870 Dante Gabriel Rossetti alichapisha tafsiri yake ya shairi la Mfaransa François Villon juu ya wanawake wa zamani, shairi linaloulizia theluji iko wapi. Theluji aliyoiuliza Villon ilikuwa ya 'antan', neno ambalo kwa asili yake ni mwaka jana tu. Rossetti akalibunia Kiingereza neno jipya, 'yesteryear', kwa kuunganisha jana na mwaka. Hakukosea hata kidogo. Lakini wenye lugha walilipokea neno lake, wakalitia asali, na leo hulitumia kwa zamani yoyote iliyo mbali na tamu. Mwaka jana wa Villon, ambao theluji yake ilikuwa imeyeyuka juzi, umekuwa kale. Nikikumbuka kisa hiki huiogopa kazi yangu.

Hayo ni ya washairi, na pengine msomaji atasema hayana madhara. Basi tuje kwenye wimbo. Mwaka 1867, mwaka ambao Kanada iliundwa kuwa shirikisho, mwalimu wa Toronto mzaliwa wa Scotland, Alexander Muir, alitunga wimbo wa kuisifu nchi hiyo, 'The Maple Leaf Forever', ulioimbwa na Wakanada wa Kiingereza kwa vizazi kadhaa. Wimbo huo unaanza kwa siku za 'yore', na kinachotendeka katika siku hizo ni kuwasili kwa Jenerali James Wolfe kuipandisha bendera ya Uingereza. Wolfe aliuteka mji wa Québec mwaka 1759. Baina ya vita na wimbo ni miaka 108.

Miaka 108 si kale. Ni umri wa babu na mjukuu wakipokezana. Wafaransa wa Québec walikuwapo wakati wimbo unatungwa, wakisema lugha yao na kulima mashamba ya wazazi wao, nao katika beti za mwanzo hawamo. Mimea iliyosukwa humo pamoja ni ya Uingereza, Scotland na Ireland. Wenyeji wa kwanza wa ardhi ile ndio kabisa. Sisemi Muir alikusudia ubaya. Nasema neno lilimfanyia kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiamuru. Laiti angalisema 'miaka mia na minane iliyopita', msikilizaji angaliweza kuuliza: walioshindwa wako wapi, na wajukuu zao wanaonaje? Penye 'yore' hapaulizwi hivyo. Neno halisemi uongo. Linaliondoa swali kabla halijaulizwa.

Ajabu ni kwamba Waingereza hao hao, inapokuwa ni mali, hawakubali zamani isiyo na mpaka. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 iliuweka mwaka 1189, alipotawazwa Mfalme Richard wa Kwanza, kuwa ukomo wa madai fulani ya ardhi, na mahakama zikaja kuuhesabu mwaka huo kuwa ukomo wa kumbukumbu: kilichokuwapo kabla yake kimekuwapo tangu na tangu, kilichoanza baada yake kinaweza kuhojiwa. Mpaka huo ni wa kubuni, wala hauna utamu wowote. Lakini mwenye kudai na mwenye kudaiwa wote wanajua ukuta uko wapi.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, aliuweka ukuta mahali pengine. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alizichukua 'sasa' na 'zamani' zetu kuwa istilahi, akasema kwamba maiti hubaki katika sasa maadamu yuko hai mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Anapokufa wa mwisho wa hao, ndipo anapoingia zamani. Wengi walimpinga, na mimi mwenyewe sidhani kwamba Waafrika wote huufikiri wakati kwa namna moja. Walakini kipimo hiki nimekishika, kwa kuwa ni kipimo cha deni. Kinauliza: yuko nani bado anayemjua?

Sasa kisa changu. Mwaka 2005 mwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, aliyokuwa ameigeuza hoteli, aliniletea maelezo ya Kiingereza niyafasiri. Yalikuwa ya ubao wa kutundikwa mlangoni kwa lugha mbili. Yalisema kwamba katika siku za 'yore' mji huu ulisheheni majahazi, karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Vinne hivyo vilikuwa katika mstari mmoja, vimetenganishwa kwa mkato.

Kalamu ilisimama. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Aprili 1897, ijapokuwa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Mama wa bibi yangu alikuwa msichana wa Amri ya 1897. Bibi, aliyenilea, alimjua vizuri: alijua alivyopika, alivyokohoa, na jinsi alivyokunja karatasi yake ya uhuru ndani ya kitambaa akaitia chini ya mto mpaka siku ya kufa kwake. Na nilipomwuliza bibi hayo yalikuwa lini, hakuwa na mwaka wa kunitajia, kwani hakusoma skuli. 'Juzi, mume wangu,' alinijibu kwa utani wake, huku akipeta mchele. 'Juzi tu.'

Tangu 1897 hadi ubao ule ni miaka 108, sawasawa na ya Muir. Hesabu hiyo niliifanya baadaye sana.

Niliandika: 'Hadi mwaka 1897 katika mji huu walikuwamo watu waliomilikiwa na watu.' Mwenye nyumba alisoma, akanyamaza, kisha akanambia kwa upole, 'Maalim, wageni hawaji hapa kusomeshwa hesabu. Na sisi wenyewe, yaliyopita si ndwele.'

Sikuwa na jibu la haraka, wala leo sinalo kamili. Methali yake ni yetu, na haikuletwa na Mwingereza. Tena ina hekima: katika visiwa hivi wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wameoana, na mara nyingi hao ni mtu mmoja. Atakaye kuhesabu kila deni atajikuta anajidai mwenyewe. Lakini methali inaendelea, nasi huikatiza njiani: tugange yajayo. Mganga gani ataganga bila ya kuambiwa mgonjwa aliumwa nini? Tena anayesema 'si ndwele' walau amekiri kwamba kuna kilichopita. 'Yore' haikiri hata hilo. Kwake hakuna kilichopita, kuna kilichopendeza.

Hata 'hapo zamani za kale' yetu si sawa nayo, ingawa ndiyo iliyo karibu. Sisi hulitumia fungu hilo kufungulia hadithi, na msikilizaji anajua amekaribishwa katika jambo la kubuni, la sungura na fisi. Ni ahadi ya wazi kwamba hapana atakayeshitakiwa. Ndiyo maana sikutaka kuliweka mlangoni pa nyumba ile.

Ubao ulitundikwa. Kiswahili chake, kwa mkono wa mtu mwingine, kilisema 'hapo zamani za kale'. Sentensi yangu haikuwamo. Ujira nilipewa wote, nami niliupokea.