Akikataa Maziwa

Je, nina haki ya kukulazimisha upokee kitu kitakachokuokoa? Wengi watajibu haraka: ndiyo, mradi upone. Jibu hilo halina ubishi hadi upakate mwanambuzi anayekufa njaa huku maziwa yako hapo hapo mdomoni, na ameyakataa.

Tangu niache chuo, miezi mingine hukaa kwa shosho, Makueni. Naandika nikiwa na data, nachunga ikiisha. Mwaka huu mbuzi mmoja alizaa pacha alfajiri, akamkataa wa pili. Kila akisogea, mama anampiga kichwa. Tukamkamua dang'a, tukaitia kwenye chupa ya soda, tukaivalisha chuchu ya mpira. Mwanambuzi akakaza taya. Dang'a ikamtiririka shingoni.

"Si umshike tu umimine," jirani akasema. "Atazoea."

"Ukimimina, hajanyonya," shosho akamjibu.

Ilisikika kama huruma ya wazee, kumbe ni jinsi mbuzi alivyoumbwa. Tumbo lake lina vyumba vinne. Mtoto akinyonya mwenyewe, kichwa kikiwa juu, mfereji mdogo ndani yake hujikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja hadi chumba cha nne, yanakomeng'enywa. Akimiminiwa, mfereji huo unaweza usijikunje, na maziwa yakaangukia chumba cha kwanza, yakachacha humo. Au yaingie mapafuni, augue nimonia. Maziwa ni yale yale. Tofauti ni kwamba huyu amepokea, yule amefanyiwa.

Tumezoea kuona ridhaa ya anayesaidiwa kama adabu tu, kitu cha kuongezea kama kuna muda. Mwili wa mwanambuzi unasema vingine: kupokea ni kazi, na mwenye kuifanya ni yeye.

Lakini pia siwezi kusema, "Basi mheshimu, mwache." Dang'a ina kinga ya magonjwa, na baada ya takriban siku moja utumbo wa mtoto hauwezi tena kuipitisha kinga hiyo iingie kwenye damu. Kusubiri nako kunaua. Mtoto aliyeishiwa nguvu kabisa huwekewa mrija hadi tumboni na mtu anayejua kazi hiyo, na huo si ukatili. Anayesimama kando akisema anaheshimu uamuzi wa kiumbe cha saa sita anajitoa lawamani tu.

Mwaka 1909, magereza ya Uingereza yalianza kuwalisha kwa mirija wanawake waliogomea chakula wakidai haki ya kupiga kura. Mrija ni mrija, lakini wale walijua wanachokataa, na mgomo wao ulikuwa kauli. Mwanambuzi hana mgomo. Kwa hivyo kabla ya kuuliza kama nilazimishe, inabidi niulize: huyu anakataa nini hasa?

Shosho aliuliza kwa kidole. Alikitia mdomoni mwa mwanambuzi, akakuta mdomo ni baridi. Mtoto aliyepoa hawezi kunyonya, na hata ukimlisha tumbo halifanyi kazi vizuri. Akamfunga blanketi, akamweka karibu na jiko, akarudia kidole hadi mdomo ukapata joto. Akapasha dang'a pole pole. Akamziba macho kwa kiganja, kuwe giza kama chini ya mama yake, akamkuna kwenye shina la mkia, vile mama hufanya akimnusa mwanawe. Ilichukua karibu asubuhi nzima. Alinyonya kidogo, akaacha, baadaye akanyonya tena.

Nilipoacha chuo nilimiminiwa mengi. Rudi umalize, ni kwa faida yako. Sikatai, huenda ushauri ulikuwa mzuri. Lakini waliouliza karo ilikwama wapi, au nilikuwa nalala saa ngapi, sikuwaona. Nilionekana mkaidi, na mtu mkaidi hahitaji kupimwa joto.

Najua sababu. Kumimina ni dakika mbili, na mtu anaondoka akijisikia amesaidia. Kupasha mtu joto kunakula asubuhi yako, na bado anaweza kukataa. Akikataa hata baada ya hapo, na ni mtu mzima anayejua anachokataa, basi chupa tuiweke chini. Ila ni wangapi kati yetu hufika hapo, kabla ya kusema fulani hasaidiki?