Zo Kwe Zo: Mtu, Utu na Dola katika Jamhuri ya Afrika ya Kati

Utangulizi wa katiba ya Jamhuri ya Afrika ya Kati unataja maneno matatu ya Kisango, lugha inayowaunganisha wananchi wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo: zo kwe zo, yaani "kila mtu ni mtu". Maneno hayo ni urithi wa Barthélemy Boganda, Mwafrika wa kwanza wa Oubangui-Chari, kama koloni hilo la Ufaransa lilivyoitwa, kupata upadre mwaka 1938, ambaye baadaye aliingia katika Bunge la Ufaransa kisha akauacha upadre, na akafariki katika ajali ya ndege tarehe 29 Machi 1959, kabla hajauona uhuru wa mwaka 1960. Swali linaloibuliwa na maneno hayo ni hili: je, heshima anayostahili binadamu hutokana na mwenendo wake, au anayo tangu kuzaliwa?

Kiswahili kinalitenganisha jambo hili kwa maneno mawili. Mtu ni binadamu. Utu ni hali ya kuishi na wenzake kwa wema na haki, na ndiyo maana mkatili husemwa kwamba hana utu, au hata kwamba si mtu. Kwa matumizi hayo, utu hupatikana kwa matendo na kwa matendo hupotea. Kauli ya Boganda haitoi nafasi ya upotevu huo, kwa kuwa haitaji sifa yoyote ya kutimizwa: mtu ni mtu, basi. Fikra hiyo inaafikiana na mafundisho ya Kikristo aliyolelewa nayo, yasemayo kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na hivyo thamani yake hutangulia matendo yake.

Hata hivyo, thamani isiyodai chochote kwa mwenye nayo hudai mengi kwa mtawala. Chama cha MESAN, alichokianzisha Boganda mwaka 1949, kilitafsiri kauli hiyo kwa vitenzi vitano: kulisha, kuvika, kutibu, kufundisha na kupatia watu makazi. Kupima uzito wa vitenzi hivyo, inatosha kutazama utawala wa Jean-Bédel Bokassa, aliyemwondoa Rais David Dacko katika mapinduzi ya usiku wa kuamkia mwaka 1966 na kujivika taji la ufalme mkuu tarehe 4 Desemba 1977, akiwa mbele ya kiti cha enzi chenye umbo la tai. Mnamo Januari 1979 wanafunzi wa Bangui waliandamana kupinga amri ya kununua sare ambazo familia nyingi hazikuweza kuzimudu, na Aprili mwaka huohuo watoto waliokamatwa walifia katika gereza la Ngaragba. Kitenzi cha kuvika kilikuwa kimepinduliwa: dola iliyopaswa kumvika mtoto ilimwadhibu kwa kukosa nguo.

Mtihani mgumu zaidi wa kauli hiyo, hata hivyo, ulikuwa Bokassa mwenyewe. Aliporejea mwaka 1986 kutoka uhamishoni, alikoishi baada ya kuondolewa madarakani, alishtakiwa, na mwaka 1987 akahukumiwa kifo, adhabu ambayo mwaka uliofuata ilibadilishwa kuwa kifungo. Kama utu ni tunda la mwenendo, mtu wa aina hiyo amejitoa mwenyewe katika jamii ya watu. Lakini kama kila mtu ni mtu, basi hata yeye hajatoka, na kwa sababu hiyohiyo anawajibika, kwa maana anayehukumiwa mahakamani ni mtu, si mnyama. Mwaka 2022 nchi hiyo iliifuta adhabu ya kifo kwa sheria. Hapo lugha hizi mbili zinaweza kukutana: Kiswahili kinasema kweli kwamba mkatili amekosa utu, na Kisango kinakumbusha kwamba kosa hilo halimpi yeyote, hata dola, ruhusa ya kumtendea kama asiye mtu.