Mtungi Unaotoa Jasho

Kabla ya adhana ya alfajiri, nyumba ikiwa bado kimya, huwa najaza mtungi wa maji ya kunywa. Kazi yenyewe ni ndogo: dumu la lita 20, kitambaa cha kuchujia, na mtungi wa udongo uliotuama juu ya mchanga pembeni mwa ukuta.

Ukilipindua dumu kwa pupa, mdomo ukaangalia chini, maji hayashuki kwa raha. Yanatoka kwa mishindo, gudugudu, gudugudu, yakirukia miguu na sakafu. Hayawezi kutoka mpaka hewa iingie ishike nafasi yake, na mlango ni mmoja. Lakini ukililaza dumu ubavu, tundu likakaa upande wa juu, hewa hupita juu, maji hupita chini, na yanateremka kimya kama uzi.

Kila nikifanya hivyo nakumbuka sadaka zenye masimango. Tunampa mtu, hapo hapo tunamhesabia tulichompa, hatumwachii pumzi hata ya kusema ahsante. Kilichotolewa ni kizuri, ila namna kilivyotoka imemlowesha.

Mtungi unapojaa, sauti yake hupanda. Kadiri hewa ya ndani inavyopungua, ndivyo mlio unavyokuwa mwembamba, na mwenye sikio hahitaji taa kujua kwamba maji yamefika shingoni. Hapo nanyamaza nami. Natwaa kata, nachota ya kutawadha, nikikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi kisichofika lita. Kidogo kilimtosha.

Swali lililonikaa moyoni tangu utotoni ni la adhuhuri. Joto likishika, ubavu wa mtungi hulowa. Nilipokuwa mdogo nilidhani una ufa, nikamkimbilia bibi kumwambia maji yetu yanapotea. Bibi hakubishana nami. Alichota kwa kata, akaninyooshea. "Kunywa kwanza, mjukuu wangu." Yalikuwa baridi mpaka kwenye meno. Kisha akanionjesha ya dumu lililokuwa kando, kivulini hapo hapo. Yalikuwa vuguvugu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Udongo uliochomwa una vitundu visivyoonekana kwa jicho. Maji hupenya humo kidogo kidogo, yakifika nje upepo huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto. Dumu la plastiki halipotezi hata tone, na joto lake halina pa kutokea. Hata mtungi, ukiupaka rangi ya mafuta ili upendeze sebuleni, vitundu huziba, nao hauipozi tena kiu ya mtu.

Nadhani nafsi nayo imefinyangwa kwa udongo huo. Inayoshika kila ilichopewa, fedha, elimu, hata machozi, hupata moto ndani kwa ndani. Inayoachia kidogo kila siku, pasipo mtu kuona tone likidondoka, hubaki baridi, na anayeijia na kiu huondoka ameburudika.

Basi leo ukiukuta mtungi wako umelowa ubavuni, usiufute. Chota, kata ya kwanza umpe uliye naye, kisha unywe.