Usingoje Zulia Jekundu

Tarehe 28 Februari 2017, siku nane baada ya kutimiza miaka 29, Rihanna alipanda jukwaani katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kupokea heshima ambayo haikuhusu wimbo hata mmoja. Alitangazwa mtu wa mwaka katika utumishi wa kibinadamu. Waliopewa tuzo hiyo kabla yake ni watu wa daraja la Kofi Annan na Malala Yousafzai. Alifungua kwa mzaha, akijipongeza kwamba hatimaye naye kafika Harvard, na ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akaeleza jambo ambalo ningependa kila kijana mwenye gitaa, kinanda au kipaza sauti mkononi alisikie leo, kabla hajatamka tena ile ahadi yetu ya kila siku: "nikitoboa".

Unaijua. Nikitoboa nitamjengea mama. Nikitoboa nitawarudia watoto wa mtaani kwetu. Nikitoboa nitafungua darasa la muziki. Na kila tunapotoboa kidogo, mstari wa kutoboa unasogezwa mbele: kwanza wimbo uchezwe redioni, halafu video ifike watazamaji milioni, halafu gari, halafu kiwanja, halafu nyumba, halafu nyumba ya pili. Watoto wa mtaani kwetu wanakua, wanaoa, wanazaa wa kwao, na sisi bado tuko njiani tunatoboa.

Rihanna naye alikuwa na "nikitoboa" yake. Aliwasimulia wanafunzi wale kwamba akiwa mtoto wa miaka mitano au sita alikuwa akiona kwenye televisheni matangazo yanayosema senti 25 zinatosha kumsaidia mtoto mwenye shida mahali fulani duniani. Akawa anawaza angedunduliza senti 25 ngapi ili awaokoe watoto wote wa Afrika. Akajiahidi kwamba akikua na kuwa tajiri, ataifanya kazi hiyo. Hapo hana tofauti na wewe wala mimi. Tofauti iko kwenye tarehe. Alianza kazi ya muziki Marekani akiwa na miaka 17, na alipofika 18 tayari alikuwa ameanzisha taasisi yake ya kwanza ya hisani, Believe, kwa ajili ya watoto wagonjwa mahututi.

Hiyo ilikuwa 2006. Umbrella, wimbo uliomfikisha hadi kwenye daladala na matatu zetu, ulitoka 2007. Yaani alianza kutoa kabla hajaimba wimbo ambao wengi wetu tulimfahamia.

Sitakudanganya, mdogo wangu: mwaka ule hakuwa fukara. Alikuwa na mkataba na kampuni ya muziki ya Def Jam, na wimbo wake SOS ulikuwa umeshika namba moja Marekani. Lakini uhakika wa kesho hakuwa nao. Muziki wa pop una makaburi mengi ya wasichana waliong'ara msimu mmoja wakasahauliwa msimu uliofuata. Mshauri yeyote wa fedha mwenye akili timamu angemwambia: tulia kwanza, jaza kibubu, hisani utaifanya ukishakuwa imara. Ni ushauri mzuri kabisa, na umewaua watoaji wengi kuliko uchoyo.

Sasa tazama alikotoka. Barbados ni kisiwa ambacho Unguja inakizidi karibu mara nne kwa eneo, na watu wake hawafiki laki tatu. Robyn Rihanna Fenty alikulia Bridgetown, mji mkuu, katika nyumba ya kawaida mtaa wa Westbury. Baba yake alisumbuliwa na uraibu wa dawa za kulevya, na binti alikuwa akiuza nguo pamoja naye kwenye kibanda cha barabarani. Waliokulia Kariakoo, Gikomba au Kongowea hawahitaji maelezo zaidi: wanajua jua la kibandani, wanajua mteja anayeshika kila nguo na kuondoka bila kununua.

Kwenye kisiwa hicho ndiko alikoishi bibi yake, Clara Braithwaite. Kwa maelezo ya mjukuu, bibi huyo alikuwa akiamini kwamba mwenye dola moja ana vingi vya kugawa. Sisi tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunalisema, tunaliandika kwenye kanga, tunajifunga kiunoni, na safari yake inaishia hapo. Bibi Clara alifariki kwa saratani katikati ya 2012. Mwaka huohuo Rihanna akaanzisha taasisi mpya na kuipa majina ya bibi na babu yake: Clara Lionel. Na katika hospitali kubwa ya Bridgetown, Queen Elizabeth, kikaanzishwa kituo cha tiba ya saratani chenye jina la Clara Braithwaite.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Taasisi hii mpya hakuianza kwa kuiokoa dunia. Aliianza na ugonjwa uliomchukua bibi yake, kwenye hospitali ya mji aliozaliwa. Kilichomuuma kilikuwa na jina na sura, na anwani yake ilikuwa inajulikana. Vijana wengi wenye moyo mzuri wanashindwa kwa sababu wanatafuta jambo kubwa, lenye hadhi, litakalosomeka vizuri kwenye bango. Wakati huohuo shule ya msingi waliyosoma, ile iliyowafundisha kupiga ngoma kwenye gwaride, haina hata ngoma moja ambayo ngozi yake haijapasuka. Mwalimu wa bendi yupo na namba yake unayo.

Mwaka 2014 Rihanna akafanya jambo la akili zaidi: badala ya kutoa peke yake, akawakusanya wenye nacho. Desemba mwaka huo, Beverly Hills, akaandaa hafla ya kwanza ya hisani aliyoiita Diamond Ball. Magauni, vito, zulia, kamera. Mwaka 2017 hafla hiyo ilifanyika New York, mchekeshaji Dave Chappelle akiwa mshereheshaji na rapa Kendrick Lamar akipanda jukwaani. Najua wako watakaoguna: matajiri wanakula samaki wa bei mbaya kwa jina la maskini. Nami huwa naguna. Lakini ukilipima jambo lenyewe, hafla ya namna hii inafanya kazi kwa sababu moja isiyopendeza kuisema: watu hutoa zaidi wakitazamwa. Meza zinauzwa, vitu vinapigwa mnada, mtu anapandisha bei kwa kuwa mpinzani wake yuko meza ya pili. Waache wale samaki. Swali la maana ni moja, nalo ni kesho yake fedha imeamkia wapi.

Tena usinidanganye kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Nani katika Afrika Mashariki asiyejua kukusanya fedha? Tuna kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, yenye kadi za mchango, ahadi na simu za kukumbushana usiku. Kenya iliinua shule nyingi kwa harambee. Na kanisani, siku ya mavuno, kuku mmoja hununuliwa, akarudishwa mezani, akanunuliwa tena, akarudishwa, hadi jioni ameingiza bei ya mbuzi na bado yuko hai. Diamond Ball ni mnada wa kuku uliovaa suti. Ujuzi tunao tangu kwa bibi zetu. Tumeuelekeza tu kwenye keki za ngazi saba na magari ya kukodi, wakati ungeweza kununua mashine ya oksijeni ya zahanati.

Na wewe mwanamuziki una kitu ambacho kamati haina: watu wanakuja wenyewe kukusikiliza. Hujui jinsi hilo lilivyo adimu. Daktari bingwa akiitisha mkutano kuhusu wodi ya watoto, watakuja watu kumi na wawili na wanne kati yao ni ndugu zake. Wewe ukipanga vipaza sauti uwanjani, mtaa mzima unatoka. Katika taarabu watu husimama kwa hiari yao, wakacheza hadi jukwaani na kumtunza mwimbaji noti mbele ya kadamnasi. Usiku mmoja tu wa fedha hizo, ukitangazwa mapema kuwa ni wa jambo fulani, unaweza kuvalisha sare darasa zima. Na nikwambie siri: watatunza zaidi.

Lipo jambo linaloniudhi katika hisani ya wasanii wetu, na acha niliseme. Ile safari ya mara moja kwenye kituo cha yatima: mifuko ya unga, katoni za sabuni, miwani ya jua, mpigapicha, na watoto waliopangwa mstari kwa kimo. Sina ugomvi na picha. Rihanna amepigwa picha nyingi kuliko sisi sote kwa pamoja. Ugomvi wangu ni kutorudi. Mtoto aliyekula unga wako mwezi wa kwanza ana njaa mwezi wa pili, na mwezi wa pili wewe uko kwenye video nyingine.

Kurudi ndiko kulikomfikisha Rihanna mahali ambapo pesa yake peke yake isingemfikisha. Septemba 2016 alikubali kuwa balozi wa Ubia wa Kimataifa wa Elimu, chombo kinachozisaidia nchi maskini kugharimia shule. Januari 2017 akaenda Malawi, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, akaingia madarasani akaona watoto walivyobanana. Mwezi uliofuata ndipo akaenda kupokea tuzo ya Harvard; angalia mpangilio huo, kazi kwanza. Katikati ya 2017 akawa anawabana viongozi wa nchi tajiri hadharani mtandaoni, akiwataja kwa majina na kuwauliza watatoa kiasi gani. Julai alikutana na Rais Emmanuel Macron jijini Paris. Mwaka huohuo taasisi yake ikaingia katika mpango wa kuwapa wasichana wa Malawi baiskeli, kwa sababu sekondari ikiwa mbali, umbali wenyewe unamwachisha msichana masomo. Februari 2018 akawa Dakar, Senegal, kwenye mkutano wa kuchangia elimu uliosimamiwa na Macron na Rais Macky Sall. Ahadi za wafadhili pale zilifika dola bilioni 2.3.

Bilioni 2.3 hazikutoka mfukoni mwake, wala hazikutoka kwa sababu yake peke yake. Wataalamu wa elimu walikuwa wamezihangaikia kwa miaka. Alichofanya ni kugeuza macho. Kamera zilimfuata yeye, naye akasimama karibu na daftari la bajeti. Ukiniuliza mwanamuziki ana kazi gani katika jambo la umma, nitakujibu hivyo.

Pale Harvard hakuwaomba wanafunzi wawe matajiri kwanza. Alisema watu wameifanya hisani ionekane ngumu mno kuliko ilivyo, na kwamba si lazima uwe tajiri, maarufu au msomi ndipo uianze. Akawapa changamoto ya kumsaidia mtu mmoja, au taasisi moja, au kukabili hali moja ambayo imewagusa. Mmoja. Mtu anayeuza mamilioni ya nakala anakuomba uanze na mmoja, na wewe mwenye shoo mbili kwa mwezi unapanga kuanza na elfu.

Heshima? Itakuja au haitakuja, na haiko mikononi mwako. Kwake ilikuja miaka 11 baada ya Believe. Novemba 2017 mtaa wake wa zamani ulipewa jina Rihanna Drive, na usiku ule wa Novemba 2021 Barbados ilipokuwa jamhuri, Waziri Mkuu Mia Mottley alimtangaza shujaa wa taifa. Watoto wengi waliowahi kusaidiwa na watu kama yeye hawajui hata jina la aliyewasaidia, na hilo halijaipunguza dozi ya dawa hata tone.

Basi shoo yako ijayo iwe ya kwanza. Usiiahirishe hadi upate ukumbi wenye viyoyozi. Uwanja wa shule unatosha, jenereta utaazima. Chagua jambo moja tu, karibu na kwenu, ambalo unaweza kulitembelea kwa miguu. Litaje kwenye bango kwa jina na kwa kiasi: ngoma nne na tarumbeta mbili, au magodoro kumi ya wodi ya wazazi. Usiandike "kusaidia jamii". Hakuna anayejua bei ya jamii. Waombe wenzako wawili wapande nawe bila malipo, na kesho kutwa nawe ukapande kwao. Hesabu fedha mbele ya watu kabla hawajatawanyika, itangaze jumla kwa kipaza sauti kilekile ulichoimbia, na baada ya wiki mbili weka risiti ya duka mahali wote waione. Panga pia tarehe ya mara ya pili kabla ya kuondoka uwanjani. Fungua akaunti ya pekee yenye watia saini watatu, na mweka hazina asiwe meneja wako wala binamu yako.