Ulimi Mzito na Haki

Jumamosi moja niliombwa na vijana wa umoja wa wanafunzi wa Kikristo wa shule za sekondari za hapa Tabora niwe mmoja wa majaji watatu katika mashindano yao ya midahalo. Nilikubali upesi. Mwalimu mstaafu akikumbukwa hufurahi, na tena nilidhani kazi yenyewe ni nyepesi. Jioni nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita chini ya miembe ambayo wazee husema ililetwa na watu wa misafara, nikiwa na swali ambalo halijaniacha mpaka leo.

Mada ya fainali ilisema: anayemwona mwenzake akiibia mtihani akanyamaza, ametenda kosa lile lile. Upande wa kutetea na upande wa kupinga ulipatikana kwa kuokota vikaratasi. Msemaji mkuu wa kupinga alikuwa kijana wa kidato cha sita, mrefu, mwenye sauti ya kutulia. Alijua wapi pa kusimama kidogo na wapi pa kuwachekesha watu. Msemaji wa kutetea alikuwa binti mwembamba ambaye mikono yake ilitetemeka. Alianza vizuri, akasahau, akarudia sentensi moja mara mbili, kisha mtunza muda akagonga kengele kabla hajamaliza hoja yake ya mwisho.

Karatasi yetu ya alama ilikuwa wazi: hoja, ushahidi, ufasaha, lugha, matumizi ya muda. Nilimpa kijana ushindi, na majaji wenzangu pia. Sikuona kosa katika hilo. Lakini wakati wa chai kijana yule alinijia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hongera, umesema vizuri.”

“Asante. Lakini, Mwalimu, mimi siamini hata neno moja la yale niliyoyasema. Nilipewa upande tu. Sasa, je, nimesema uongo mbele ya Mungu?”

Nilimwambia hapana, na bado naona nilimjibu sawa. Uongo huhitaji mtu wa kudanganywa. Katika ukumbi ule kila mmoja alijua kwamba pande ziligawanywa kwa vikaratasi, kwa hiyo hakuna aliyedhani kwamba anasikia ungamo la moyo. Tena kuna faida ndani yake. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa kwetu Unyanyembe, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi. Mpagazi alibeba begani pembe za ndovu zisizokuwa mali yake, lakini uzito wake aliujua kuliko mwenye mali. Vivyo hivyo kijana aliyelazimika kubeba hoja ya mwenzake kwa dakika saba hataweza tena kuidharau kana kwamba ni unyoya. Ilimradi akumbuke kuutua mzigo safari ikiisha.

Hata hivyo, mji huu umewahi kuona mdahalo wa aina nyingine. Mnamo Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa Kura Tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi waliuchukia utaratibu huo, na walikuwa na sababu. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali; alitoka akaanzisha chama chake. Pale hakuna aliyeokota kikaratasi. Aliyesema alisema alichokiamini, na walioshindwa kwa hoja, kama walioshinda, walikwenda kuishi na matokeo yake.

Basi kuna kushindana kwa maneno ili kujifunza, na kuna kutumia maneno ili kuamua jambo la watu. Hatari inakuja pale jaji anapochukua karatasi ya alama ya kwanza akaenda nayo katika shauri la pili. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kulitenda.

Miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni katika mikoa hii ya magharibi. Redio ya mwalimu mmoja iliibwa. Wavulana wawili walishukiwa, nikawaita ofisini. Mmoja alijieleza kwa utaratibu, akitaja saa na mahali, akinitazama usoni. Wa pili alikuwa na kigugumizi. Kila nilipomwuliza alikwama, na kila alipokwama nilizidi kumwuliza kwa ukali, na jasho lake nililihesabu kuwa ushahidi. Kikao hakikufika nusu saa. Nilimfukuza shule.

Baada ya miezi mitatu redio ilionekana kwa fundi mmoja mjini. Aliyempelekea alikuwa yule msemaji mzuri. Nilipanda basi mwenyewe mpaka kijijini kwa yule mwingine. Mama yake alinikaribisha kigoda, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kijana amekwishakwenda kufanya kibarua katika mashamba ya tumbaku, na kwamba akimwona atamfikishia salamu zangu. Hakurudi shuleni.

Wakristo wanakijua kisa cha Musa aliyemwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa nduguye Haruni awe msemaji wake. Husahau kwamba huyo huyo Haruni, Musa alipokuwa mlimani, ndiye aliyetengeneza ndama wa dhahabu. Na alipoulizwa, alijieleza kwamba alitupa dhahabu motoni na ndama akatoka, kana kwamba alijitengeneza mwenyewe. Ufasaha ni kipawa chema, lakini hautuambii mwenye nacho anakwenda wapi. Mwamuzi wa haki ana wajibu ambao jaji wa mdahalo hana: kumsubiri mwenye ulimi mzito, kumsaidia kulitafuta neno lake, na kumhoji mfasaha mara mbili.

Haya sikumwambia kijana yule yote. Nilimwambia ashinde, lakini siku atakapokuwa mkubwa wa kazi, ajihadhari na watu wanaosema kama yeye. Alicheka, kisha akanyamaza.

Kabla ya kuondoka nilimtafuta yule binti. Alikuwa akikusanya vikombe. Nilimwuliza hoja aliyokatizwa na kengele ilikuwa ipi, nikamwambia asiharakishe, kengele haipo tena. Alisimama, akafikiri.

“Nilitaka kusema, Mwalimu, kwamba anayeibia mtihani anachukua nafasi ya mtu fulani. Huyo mtu hatumjui jina, na hayupo hapa kujitetea. Tukinyamaza sisi, nani atamsemea?”

Katika karatasi yangu hapakuwa na mahali pa kuandika alama hiyo. Nilimshukuru, nikamsaidia kubeba vikombe mpaka jikoni.