Mpira Wenye Mkia

Kijana mmoja wa Tanga alikuwa na chumba cha gemu kilichomlisha yeye na mama yake. Kwa miaka mingi wateja wake walicheza PS2 kwenye televisheni za chogo, zile nzito za kubebwa na watu wawili, na hakuna aliyewahi kulalamikia picha. Kisha akaamua kupanda daraja. Akanunua PS4 nne za mtumba, na kwa kuwa PS4 hutoa picha kwa HDMI peke yake, chogo zote zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ikabaki kutafuta skrini.

Akapanda basi hadi soko la Kariakoo. Muuzaji akamwekea mbele boksi la monita ya inchi 27 iliyopinda, paneli ya VA, na ubavuni kumeandikwa kwa herufi kubwa: hezi 165, milisekunde 1. "Hii ndiyo ya gemu, bosi wangu," muuzaji akamwambia. "Kwa kasi hakuna inayoifikia." Hakudanganya kwa makusudi, alisoma kilichoandikwa. Kijana akachukua nne, karibu laki tano kila moja, na akiba yake ikaishia pale.

Mechi za mchana zilivumilika. Balaa lilikuja mteja alipochagua mechi ya usiku na timu yenye jezi nyeusi. Kila mchezaji aliyekimbia aliburuta weusi nyuma yake kama wino uliomwagika, na pasi ndefu ikipita kwenye sehemu ya uwanja yenye kivuli, macho yalishindwa kuufuata mpira. "Kaka, mbona mpira una mkia?" wakamuuliza. Wiki haikuisha, wale wanaocheza kwa dau la soda wakaanza kulaumu skrini kila walipofungwa, na wengine wakahamia chumba cha jirani.

Akabadilisha pedi. Akabadilisha waya. Akarekodi kwa simu akamtumia muuzaji, na muuzaji akajibu kwamba yeye haoni tatizo. Hapo muuzaji alikuwa mkweli, maana kamera iliyotulia juu ya meza haioni anachokiona mtu anayeufuata mpira kwa macho. Wanaopima ukungu wa namna hii huisogeza kamera sambamba na kitu kinachopita kwenye skrini, kwa kasi ileile, ndipo picha ifanane na inayoonwa na jicho. Mwishowe akaingia kwenye menyu ya monita, akakuta kipengele cha ovadraivu, akakipandisha hadi ngazi ya mwisho. Mkia mweusi ukapungua kidogo, lakini nyuma ya wachezaji kukazuka ukingo mweupe unaong'aa, na sasa malalamiko yakawa mawili.

Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa, aliyesomea elektroniki chuo cha ufundi cha VETA. Alipofika hakugusa monita kwanza. Aliomba boksi. Akalisoma mpaka maandishi madogo ya chini, akamwonyesha mdogo wake kinyota kidogo kilichokaa kando ya ile milisekunde 1, na karibu na kinyota hicho herufi nne: MPRT.

"Mdogo wangu, hii si kasi ya paneli," akamwambia. "Hiki ni kipimo cha muda ambao picha inabaki machoni pako, na wamekipata kwa kuzimazima taa ya nyuma. Umeshawahi kuiwasha hiyo hali?"

Akajaribu kuiwasha. Menyu ikakataa; kipengele kilikuwa kimefifia, hakichaguliki. Hali hiyo ilihitaji hezi za juu, na PS4 hutuma fremu 60 kwa sekunde, basi. Kwa hiyo ile namba aliyoilipia akiba yake ilikuwa ya hali ambayo mashine zake zisingeweza kuifikia hata siku moja. Na hezi 165 nazo zilikuwa vilevile: monita ina uwezo huo, lakini mashine inayoilisha picha haina. Wala PS5 isingemsaidia sana, ingawa inaweza kutoa fremu 120, kwa sababu gemu la mpira lenyewe huchezwa kwa fremu 60.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na ninaona uchungu kila ninapomwona mtu wa kipato kidogo akitoa fedha kwa sababu ya namba ya boksi. Ukungu wa kitu kinachokwenda kwenye skrini una vyanzo viwili, na boksi huvichanganya katika namba moja.

Chanzo cha kwanza ni uzito wa pikseli kubadilika rangi. Katika skrini za LCD, fuwele za kimiminika husukumwa na volteji ili zipitishe mwanga au ziuzuie, na kila aina ya paneli huzisukuma kwa namna yake. Katika TN molekuli zimesokotwa, nazo hufunguka haraka, ila rangi hupauka ukitazama kwa pembeni. Katika IPS, teknolojia iliyoletwa sokoni na Hitachi mwaka 1996, molekuli hulala sambamba na kioo na kuzunguka palepale zilipolala. Kasi yake ni ya wastani, lakini haitofautiani sana kati ya rangi na rangi. VA ni habari nyingine. Molekuli zake husimama wima pasipo volteji, zikiuziba mwanga vizuri kiasi kwamba weusi wake ni weusi kweli: ng'avu na giza hutofautiana mara 3000 na zaidi, wakati IPS ya kawaida inazungukia mara 1000. Bei ya weusi huo hulipwa gizani. Kutoka nyeusi kabisa kwenda kijivu cha giza, volteji inayohitajika ni ndogo, msukumo ni hafifu, na molekuli huchelewa kuinama. Kutoka nyeusi hadi nyeupe inaweza kwenda kasi. Kutoka jezi nyeusi hadi nyasi zenye kivuli inajikokota. Ovadraivu ni kuzidisha volteji kwa muda mfupi ili kuzikurupusha molekuli. Ukizidisha mno, pikseli inapitiliza rangi iliyotakiwa kabla ya kurudi, na ule ukingo mweupe ndio huo. Mara nyingi mipangilio ya kiwandani imetegwa kwa hezi za juu, hivyo kwenye hezi 60 kupitiliza kunazidi.

Zaidi ya hayo, namba ya GtG, yaani muda wa pikseli kusafiri kutoka kijivu kimoja hadi kingine, inayotajwa kwenye maboksi mengine hupimwa kuanzia asilimia 10 ya safari hadi asilimia 90, na mtengenezaji yuko huru kutangaza safari ya haraka kuliko zote. Safari ya gizani kwa kawaida haiandikwi.

Ili mdogo wake aamini, dada alikwenda kuazima. Duka la stesheneri lilitoa monita kuukuu ya TN. Studio ya picha ya mtaani ilitoa ya IPS, na mwenye studio akaongeza laptopu yake yenye kioo cha OLED cha hezi 60. Wakazipanga mezani pamoja na ile ya VA, wakafungua TestUFO, kipimo maarufu cha intaneti chenye chombo cha angani kinachopita kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, wakaziweka zote kwenye hezi 60.

TN ilikuwa na rangi za kusikitisha, lakini haikuwa na mkia mweusi. IPS ilionyesha kivuli chepesi nyuma ya chombo, kilekile kwenye mandhari ya giza na ya mwanga. VA ilifanya vizuri kwenye mandhari meupe, na mandhari yalipogeuzwa kuwa ya giza, wino ukamwagika. Kisha wakageukia OLED. Kila pikseli ya OLED hutoa mwanga wake yenyewe na hubadilika chini ya milisekunde moja, kwa hiyo kijana alitegemea kuona chombo chenye kingo kali kama kimekatwa kwa kisu. Mkia haukuwepo hata kidogo. Lakini chombo bado kilikuwa na ukungu, na vitu vidogo vilivyochorwa juu yake havikuonekana vizuri.

"Sasa hii nayo ina nini?" akauliza.

Hicho ndicho chanzo cha pili, na hakimo kwenye kasi ya pikseli. Kimo kwenye jicho. Jicho likifuata kitu linateleza bila kusimama. Picha kwenye skrini haitelezi: inakaa palepale kwa milisekunde 16.7, ndipo inaruka hadi mahali pengine. Katika muda huo wa kusubiri jicho limeshasogea, na picha iliyosimama inapakwa juu ya jicho linalokwenda. Hesabu yake haina ugumu. Kitu kinachopita kwa pikseli 960 kwa sekunde, kwenye hezi 60, kinasambaa pikseli 16. Kwenye hezi 120 ni pikseli 8, na kwenye 240 ni 4. Pikseli iwe na kasi ya radi, hesabu hiyo haibadiliki mradi kila fremu inabaki imewaka mpaka inayofuata ifike.

Ndiyo maana zile chogo hazikulalamikiwa. Mwale wa elektroni ulipiga kila nukta ya kioo, nukta ikawaka kwa muda mfupi sana na kuzimika kabla ya kupigwa tena. Jicho halikupewa picha ya kusimama, kwa hiyo hakukuwa na cha kupakazwa. Kijana aliposikia hivyo alinyamaza, akikumbuka alivyozipakia kwenye mkokoteni.

Sio yeye peke yake aliyefundishwa hivyo kwa gharama. Mwaka 2013 kampuni ya Oculus iliwapa waandishi wa programu miwani yake ya awali ya uhalisia pepe, DK1, yenye LCD ya hezi 60. Ukigeuza kichwa, kila kitu kilichokuzunguka kilipakazika. Januari 2014 wakaonyesha miwani ya majaribio iliyoitwa Crystal Cove, na Julai mwaka huohuo DK2 ikatoka ikiwa na OLED ya hezi 75. Ongezeko la hezi 15 lisingetosha kuleta tofauti ile. Walichofanya ni kuwasha kila fremu kwa milisekunde chache na kuizima kwa muda uliosalia, kazi ileile iliyofanywa na chogo bila kuombwa. Kwa upande mwingine kuna Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Juni 2025 na LCD ya hezi 120. Wapimaji huru walikuta pikseli zake zinachukua kwa wastani zaidi ya milisekunde 30 kubadilika, wakati fremu kwenye hezi 120 inakaa milisekunde 8.3 tu. Fremu mpya inafika kabla ile ya zamani haijafutika. Hezi bila kasi ya pikseli ni hasara, na kasi ya pikseli bila hezi ni hasara pia.

Tukirudi kwenye namba za maboksi, VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, lilianzisha alama ya ClearMR mwezi Agosti 2022 kwa sababu namba za MPRT zilikuwa zimeshapoteza maana. Inahesabu pikseli safi dhidi ya zenye ukungu, na ClearMR 7000, kwa mfano, maana yake pikseli safi ni nyingi mara 65 hadi 75 ya zile zenye ukungu. Inaweka pia mipaka kwa ovadraivu inayopitiliza. Ukiikuta kwenye boksi, iamini kuliko milisekunde yoyote. Tatizo ni kwamba kwenye maduka yetu, na hasa kwenye mtumba, mara nyingi hutaikuta.

Kijana alirudisha ovadraivu kwenye ngazi ya kati. Monita mbili za VA alimuuzia mwenye ukumbi mdogo wa kuonyesha filamu, na huko zinapendwa, kwa sababu chumba kina giza na weusi wa VA ndio unaotakiwa. Alipata hasara ya kama laki mbili kwa kila moja. Fedha alizopata akazipeleka kwenye IPS za mtumba zilizotoka ofisini, bila kupinda na bila urembo wa taa, na wachezaji wa mechi za usiku wakazigombania tangu siku ya kwanza. Zile pikseli 16 za ukungu bado zipo, na zitakuwepo mpaka gemu na mashine vibadilike. Hilo amelikubali na wateja wake hawalioni.

Siku hizi akienda dukani anabeba laptopu na waya wake wa HDMI. Anaomba monita iwashwe, anaiweka kwenye hezi zitakazotumika kwake, anapitisha kipande cha kijivu cha giza juu ya mandhari meusi, kisha anakifuata kwa macho. Alipokwenda kutafuta zile IPS, wauzaji wawili walimkatalia kufungua boksi. Wa tatu alivuta stuli, akachomeka waya mwenyewe, na huyo ndiye aliyeuza.