Haki ya Mja katika Damu ya Askari

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, sisi tukaao nyanda za juu za Kigoma hutakiwa kuwaombea wote waliokufa vitani, na wala hatuulizi kwanza: je, yule askari wa miguu asiye na cheo, aliyetoka Kasulu au Kibondo akaenda kufia vita ambayo hakushauriwa katika kuianza, alitoa roho yake au alinyang'anywa? Wako waonao kwamba kuuliza hivyo ni kuwasumbua marehemu bure. Mimi naona tusipouliza hatutajua tunaomba nini.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia Wabelgiji waliwanyang'anya Wajerumani mji wa Kigoma Julai 1916, na Septemba wakaingia Tabora, na Buha yote, nchi ya Waha, tangu Heru hata Muhambwe na Buyungu, ikakaa mikononi mwao mpaka 1921. Katika vita ile magari yalikuwa haba, reli hazikufika kila mahali, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, basi majeshi ya pande zote yakawa yanakwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Mtu aliondolewa shambani mwake, akatwishwa ratili hamsini za unga au risasi, akalishwa chakula asichokizoea na kisichoiva vema, akaharisha damu, na alipoanguka kando ya njia, mzigo wake alitwikwa mwingine, yeye akaachwa palepale. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba, kwa upande wa Waingereza peke yake, watu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina yao. Ilhali sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaahidi kwamba mwenye kufa akiipigania nchi yake atakumbukwa jina na wanawe! Nchi ipi ilikuwa yake, siku ambayo Mjerumani na Mbelgiji waligombea vilima vya Buha kana kwamba havina wenyewe?

Hukumu yangu ni kwamba kwa mpagazi huyo hapakuwa na sadaka ya roho. Wanazuoni wa Kiislamu wamekubaliana kuwa amali hupimwa kwa nia ya mtendaji. Na ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi Kasulu na Kibondo, husoma katika Injili ya Yohana kuwa Yesu aliutoa uhai wake mwenyewe na hapakuwa na aliyemwondolea. Kumwita mpagazi yule shujaa aliyejitoa mhanga, kwa hiyo, ingawa kunasikika kama heshima, ni kumsafisha aliyemkamata.

Ama askari wa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma katika Vita ya Pili ya Dunia, jambo lao ni gumu zaidi, na ndilo lililonifunza. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine walitolewa na machifu walioamriwa kupeleka vijana. Na Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, ikapigana katika matope na homa hata ikafika Kalewa mwezi Desemba. Amri ndiyo iliyomfikisha askari bondeni, sikatai. Lakini mtazame ameshika mpini mmoja wa machela, matope yamemfika magotini, majeruhi anaugua juu yake na risasi zinapita mitini: afisa yuko mbali, giza linaingia, na kuuachia mpini ule ni rahisi kuliko kuushika. Akabadili bega, akaendelea. Hakuna serikali iliyoweza kumwamuru lile lililomo moyoni mwake saa ile. Hilo lilikuwa lake, na alilitoa yeye. Basi sadaka huweza kuzaliwa ndani ya dhuluma, wala isiitakase dhuluma hiyo hata kidogo.

Kwa vita ya Kagera maneno yangu ni machache, maana adui, jeshi la Idi Amin wa Uganda, aliingia nchini mwetu Oktoba 1978, na mgambo waliotoka mikoani kwenda Kyaka waliijua sababu. Waliolala katika makaburi ya vita hiyo huko Kaboya wana haki ya kuitwa mashujaa pasipo mimi kuongeza neno, ijapokuwa moyo wa kila mmoja wao anaujua Mola peke yake.

Ndiyo maana siridhiki na dua moja iwakusanyayo wote. Tumefundishwa kwamba haki ya Mwenyezi Mungu huweza kusamehewa na Mwenyewe, bali haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe aliyedhulumiwa aridhie. Na mpagazi wa Buha hakuulizwa kama ameridhia, wala hapana dola, si ya Berlin, si ya Brussels, si ya London, yenye mamlaka ya kujibu kwa niaba yake. Tumwombee rehema, lakini tusimfutie dai lake.